Tahadhari: bangili za "dhahabu ya Uajemi" zenye grifoni

Jamani, hasa mlioko Maskati na Dubai: kuna mtu anazungusha kwenye magrupu ya WhatsApp bangili za "Uajemi wa kale, miaka 2500". Mimi ameshanila riali 380.

Bangili yenyewe inavutia, sikatai. Ncha zake ni grifoni wawili wanaotazamana, mwili wa simba, mabawa na kichwa cha tai, na pembe juu. Ilikuja na hati yenye muhuri, na hadithi kwamba ilifukuliwa kaburini mwa mfalme wa Waskithi huko Persepolis. Hapo tu ningeshtuka. Persepolis ni mji wa kina Dario, wafalme wa Uajemi. Waskithi ni wale wapanda farasi wa nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye dhahabu.

Sonara wa Mutrah aliisugua kwenye jiwe lake, akadondoshea tindikali, akanirudishia bila neno. Shaba iliyochovywa dhahabu.

Kilichoniuma zaidi nilikiona usiku, nilipoilinganisha na picha za Hazina ya Oxus, ile dhahabu ya Uajemi wa kale iliyopatikana kando ya mto Amu Darya, Asia ya Kati, karne ya 19. Bangili mbili za namna hii ziko kwenye makumbusho za London, moja British Museum, nyingine V&A. Zilipachikwa vioo na mawe ya rangi, ambayo mengi yamedondoka yakaacha vishimo vitupu. Sasa huyu fundi kanakili hadi mapengo! Vishimo vya bangili yangu ni laini, kina chake unene wa kucha tu, havishiki hata jiwe la kipini. Hakujua kwamba pale palikuwa na kitu.

Kwa hiyo ukiletewa kitu cha aina hii, kitafute kwanza kwenye picha za makumbusho. Na dai kibali cha serikali cha kukitoa nchini kwake, maana hata kikiwa cha kweli, bila kibali unaweza kunyang'anywa forodhani. Ile hati ya muuzaji ni karatasi tu.

Nilipodai pesa zangu akanibloku. Sasa ana namba mpya, na juzi kaweka stetasi ya pambo la kifua, grifoni wanamrarua farasi: "gramu 120, la pekee duniani". La pekee kweli. Lile halisi lilifukuliwa kwenye kaburi la Waskithi la Tovsta Mohyla, Ukraine, mwaka 1971, lina uzito wa zaidi ya kilo moja, na ni mali ya makumbusho ya Kyiv.