GPS ya Gari: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Muuzaji atakuonyesha ukubwa wa kioo. Wewe muulize ramani. Kifaa kiwe cha bei ya kutupa au cha bei ya pikipiki, mawimbi ya setelaiti kinayapokea bure, bila laini wala bando, uwe Posta au katikati ya pori la Katavi. Tofauti iko kwenye ramani iliyomo ndani. Kama barabara ya kwenda Kibondo haimo, utaonyeshwa kidoti chako kinaelea kwenye uwazi mtupu, basi.

Kwa kigezo hicho, kwa anayeendesha huku kwetu, nazipanga hivi.

Namba moja ni simu. Si lazima iwe unayopigia. Ile ya zamani iliyoko kabatini inatosha, mradi betri haijavimba. Pakua ramani kabla hujatoka nyumbani. Mjini Google Maps haina mpinzani kwa sababu inajua foleni, ila foleni inazijua ikiwa na mtandao. Bando likikata, hata kama eneo umelipakua, inabaki kukuonyesha njia tu. Kwa safari ndefu napendelea Organic Maps: ni ya bure, haina matangazo, na ramani inakaa ndani ya simu. Inatumia data ya OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea, na Dar es Salaam imechorwa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatembeza wanafunzi wa vyuo na wakazi mtaa kwa mtaa, lengo likiwa kukabiliana na mafuriko. Dereva anayetafuta kichochoro cha uswahilini anafaidi kazi hiyo.

Adui wa simu ni joto. Ibandike kwenye kioo cha mbele saa saba mchana, ikiwa inachaji na mwanga umewekwa juu kabisa: itaanza kufifia yenyewe, kisha izime, na mara nyingi hapo ndipo njia panda inapofika. Nunua kishikio cha kubana kwenye tundu la AC. Hewa baridi inaipiga mgongoni, na hakibanduki kwenye rasta kama vile vya kunyonya kioo.

Ya pili ni GPS maalumu ya gari, kama Garmin za familia ya Drive. Imetengenezwa kukaa juani, inakuelekeza kwa sauti, na hakuna atakayekupigia simu katikati ya kona. Tatizo ni zile zinazotumwa na ndugu walioko Uingereza: ndani mna Ulaya nzima, Singida hamna. Ramani ya Afrika utainunua kando, kwa hiyo ipigie hesabu kabla ya kufurahia zawadi. Kwa wanaozunguka hifadhi, Tracks4Africa ina ramani za Garmin zenye njia za porini, kambi na vituo vya mafuta. Kama kazi yako ni kupeleka wageni Ruaha au Katavi, hii ndiyo namba moja yako. Kwa wa Kimara–Posta ni pesa iliyolala.

Ya tatu ni redio ya Android, ile ya kioo cha kugusa inayokaa kwenye dashibodi mahali pa redio ya gari. Magari yetu mengi yametoka Japani, na navi iliyokuja nayo inaongea Kijapani na kujua barabara za huko tu. Usihangaike kuifufua. Ukiibadilisha, msimamie fundi: redio mpya ina antena ya GPS, kijiboksi chenye waya mwembamba. Fundi mwenye haraka anakisukumia nyuma ya redio, katikati ya vyuma, halafu ramani inakuweka mtaa wa pili. Kikae juu ya dashibodi karibu na kioo, kinakoona anga.

Ya nne ni GPS ya mkononi, mfano Garmin eTrex. Inavumilia mvua, inatumia betri mbili za AA kama za saa ya ukutani, na kwa mtu wa miguu ni chombo hasa. Kwa dereva, kioo cha inchi mbili na ushee bila sauti ya kumwelekeza ni balaa. Nunua kama kazi yako inaanzia pale gari linapoishia.

Zote hizi zinakuonyesha mwendo kasi, na kwa kawaida GPS iko karibu na ukweli kuliko mshale wa gari, ambao hupenda kuzidisha kidogo. Inasaidia kwenye kibao cha hamsini. Ila kikomo kilichoandikwa kwenye ramani kisikudanganye. Trafiki mwenye tochi anafuata kibao cha barabarani.

Za mwisho ni zile za inchi saba zisizo na jina, zinazouzwa kwa maneno ya “ramani ya dunia nzima”. Weka kundi hilo na tableti za Wi-Fi tupu. Hata iPad isiyo na sehemu ya laini haina GPS ndani. Ukishawishika na hiyo ya inchi saba, itoe nje ya duka, maana chini ya zege haitashika setelaiti, na uipe dakika kadhaa kwa sababu haisaidiwi na mtandao kama simu. Kisha andika Tunduma. Andika Namanga. Ipe kijiji cha kwenu. Muuzaji akisema hizo “zinakuja ukishaapdeti”, mrudishie na boksi lake.