Huduma ya fidia ya ajali Malindi: kaunta safi, ofa mbovu

Vibandiko vya bima vinauzwa kila kona ya Malindi, lakini dai la mtu aliyeumia haliamuliwi hapa. Ofisi nyingi za mjini ni za wakala au matawi madogo ya mauzo. Faili huenda Mombasa au Nairobi, na huko ndiko ubovu wa huduma unakoonekana. Tunazungumzia abiria, waenda kwa miguu na watu wa boda waliojeruhiwa, si gari lililobonyea. Gari hushughulikiwa upesi zaidi: mkaguzi huja, fundi hutoa bei, basi. Mwili hauna bei ya spea.

Katika kupokea karatasi, makampuni mengi tunayapa alama nzuri. Mawakala wa hapa ni wasikivu na fomu hueleza vizuri. Ila usitoke kaunta bila nakala yako kugongwa muhuri na kutiwa tarehe. Ofisi kuu ikidai haikupata kitu, huo muhuri ndio ushahidi wako. Neno la mdomo la wakala halitakusaidia.

Madai mengi huanza kuharibika kwenye abstrakti ya polisi, yaani karatasi yenye muhtasari wa ajali, na hapo lawama si ya kampuni. Abstrakti hutolewa na kituo kilichoandika ajali kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, kwa hiyo aliyeumia Garsen akaja kulazwa Malindi ataifuata Garsen. Isome yote kabla hujaondoka. Namba ya gari, jina la kampuni ya bima, namba ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha: kimoja kikikosewa, kampuni itajibu kwamba gari hilo halimo kwenye vitabu vyake. Kisha angalia jina lako herufi kwa herufi na kitambulisho. Kadzo akiandikwa Kazo, faili husimama mpaka akaape hati ya kiapo kwamba ni mtu yule yule. Tazama pia jina la mwenye gari. Polisi huandika wanaloambiwa na dereva, na magari mengi yameshauzwa bila kubadilishwa logibuku, hati ya umiliki wa gari. Tafuta rekodi ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ujue gari limesajiliwa kwa nani, kwa sababu kesi hufunguliwa dhidi ya mtu, si dhidi ya namba ya gari.

Swali ambalo kaunta hulijibu vibaya ni hili: nani analipwa? Sura ya 405 ya sheria za Kenya humlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya watu wengine atakaowaumiza. Mwenda kwa miguu yumo. Abiria wa matatu au tuktuk yumo, maana amebebwa kwa nauli. Aliyepewa lifti kwenye gari la nyumbani hamo katika bima hiyo ya lazima, isipokuwa mwenye gari alilipia nyongeza ya abiria. Bila hiyo atabaki kumdai mwenye gari mwenyewe. Utingo aliyeumia kazini njia yake ni WIBA, sheria ya 2007 ya fidia ya kuumia kazini. Na hata aliyemo ana kikomo: bima hii ya lazima haivuki shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja, na kinachozidi hudaiwa mwenye gari.

Upande wa matibabu, kampuni huwa makini kupita kiasi, na wakati mwingine ina haki. Jeraha ambalo halikuandikwa siku ya kwanza hospitalini litapingwa baadaye. Jino lililovunjika na maumivu ya mgongo ndivyo husahaulika zaidi, kwa kuwa kila mtu anatazama mguu. Ukiitwa kwa daktari wa kampuni, beba filamu za X-ray zenyewe pamoja na karatasi ya kutoka hospitali. Kama umewekewa chuma mfupani, gharama ya kukitoa iandikwe kwenye ripoti ya daktari na itajwe waziwazi kwenye dai. Mahakama haitoi gharama ambayo haikudaiwa. Risiti zote ziwekwe, hata za dawa ndogo ndogo.

Ofa ndiyo sehemu inayotuudhi. Ya kwanza huja mapema, plasta bado mguuni, wakati hakuna daktari anayeweza kusema ulemavu wa kudumu ni asilimia ngapi. Inakuja na hati ya kutia sahihi, wengi huiita dischaji, yenye maneno kwamba malipo ni kamili na ya mwisho. Ukishasaini, mguu ukija kupinda ni shauri lako. Uliza pia ofa imehesabiwaje. Wakikubali jeraha lako ni la 400,000 lakini wakakutwika asilimia 20 ya lawama, labda kwa kupanda boda bila helmeti, mkononi inafika 320,000. Asilimia hiyo hujadiliwa, ingawa barua yao huiandika kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Dai la mtoto nalo, kesi ikishafunguliwa, halimalizwi kwa maelewano bila ruhusa ya mahakama.

Mazungumzo hayasimamishi saa. Kesi ya kuumia ina miaka 3 tangu siku ya ajali, na gari likiwa la serikali ni miezi 12 tu. Barua za "tunaendelea kulishughulikia" zimewala wengi. Wakili akiingia, hakikisha kampuni imepewa notisi ya kesi kwa maandishi. Bila hiyo inaweza kukwepa kulipa hukumu. Makubaliano ya kumlipa wakili pale tu mnaposhinda hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili, hata yawe yamezoeleka vipi, kwa hiyo muulize ada yake mapema na uiandike.

Kuna Probox, magari madogo ya Toyota, zinazobeba abiria kwa bima ya gari la nyumbani, na hapo kampuni huandika kwamba haitalipa. Barua hiyo pekee haimalizi mambo. Ikitaka kujitoa, inapaswa kwenda mahakamani ndani ya miezi 3 tangu kesi yako ianze. Ikikaa kimya kabla ya kesi, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, ukiambatanisha namba ya dai, abstrakti na ile nakala yenye muhuri.