Chaki ya Kichina ya milimita 100 kwenye leti ya Myford, mwaka mmoja hapa Amu

Nimeitumia mwaka mzima sasa kwa hivyo naweza kuisema kwa haki. Ni chaki, yaani kile kishikio cha kukamatia kazi kwenye leti (mashine ya kukereza vyuma), ya taya tatu ya Kichina, haina jina lolote, milimita 100, ilokuja na bekpleti yake, ile sahani ya nyuma ya kuifungia, ilokatwa nyuzi za skrubu za inchi moja na moja ya nane, nyuzi 12 kwa inchi, ndo nyuzi za pua ya spindo, ule mhimili unaozunguka, ya leti ya Myford ML7. Niliagiza duka moja la Mombasa, ikaja na basi mpaka Mokowe, pale ikapanda boti mpaka gatini, na kutoka gatini mpaka nyumbani Langoni ikaja juu ya punda ndani ya shogi pamoja na simiti ya jirani. Kwenye oda hiyo hiyo nilichukua senta ya kuzunguka (ncha ya kuegemeza mwisho wa kazi) yenye mkia wa Morse namba 2 na tulposti (kishikio cha visu vya leti) ya kubadilisha visu haraka, nazo ntazigusia.

Chaki vile ilivyotoka kwenye boksi naipa nyota mbili. Vile ilivyo leo naipa nne na nusu. Hizo mbili na nusu za kati ni kazi ya wikendi tatu, na ndo sababu ya kuandika, manake mwenye kununua hii kitu akidhani ataifunga leo akereze leo atavunjika moyo, na mwenye kuikataa kwa kuiona mbovu atakuwa ameacha chuma kizuri sana kwa bei ya chini.

Leti yenyewe ni ya zamani, zile zilokuwa zikitengenezwa Beeston karibu na Nottingham Uingereza baada ya vita vya pili, ndogo, kati ya spindo iko inchi tatu na nusu juu ya kitanda, zile reli za leti, ami yangu aliinunua akanirithisha. Kazi yangu ni vitu vidogo vya boti: bushi za bronzi, pini za usukani, pete, nati zilokula chumvi ambazo hazipatikani tena dukani. Shafti ya boti yenyewe siiwezi, tundu la spindo ni kama milimita 15 tu, lakini bushi inayoibeba hiyo shafti naiweza, na nahodha wa Matondoni au Shela akiniletea bushi ilolika asubuhi anataka arudi nayo kabla maji hayajatoka. Chaki ya zamani taya zake zilikuwa zimeisha kabisa, ukishika kipande cha milimita 25 unakiona kwa macho kinayumba.

Sasa ile mpya. Kuifungua tu imejaa ile grisi ya rangi ya kahawia ya kuzuia kutu safarini, na watu wengi wanadhani ndo mafuta yake, wanaifunga hivyo hivyo. Usifanye hivyo. Mi niliifungua yote, skrubu tatu za nyuma, nkatoa sahani, pinioni tatu (vile vigurudumu vya meno unavyozungusha kwa ufunguo), skroli (ile sahani yenye mfereji wa kuzunguka unaosukuma taya), nkaosha kwa dizeli na brashi ya meno, na chini ya sufuria nkakuta mchanga wa chuma, chenga zilobaki kiwandani. Kwenye skroli kulikuwa na ncha kali zimesimama pembeni ya mfereji, unazihisi kwa kucha, nkazipitisha jiwe la kunolea taratibu bila kugusa sura zinazofanya kazi. Kurudisha nkatia oili nyepesi tu. Grisi ndani ya chaki inashika chenga na kuzifanya msasa, na hapa kwetu inashika na mchanga wa pwani pia. Taya zina namba 1, 2, 3 na tundu zake zina namba, unaingiza kwa mpango, ya kwanza mpaka uisikie imeshikwa na mwanzo wa skroli ndo ya pili. Ukikosea mpango taya hazikutani kati, na nimeona mtu kuitupa chaki kwa ajili hiyo tu, inauma.

Kabla ya kugusa chochote nlipima. Fimbo ya kupimia nlichukua ya shokabzoba ya pikipiki, ile ya kromu, imenyooka na ni duara sawasawa, haina gharama. Dayo geji (saa ya kupimia kuyumba) karibu na taya: inayumba 0.14 mm. Nkasogeza geji mpaka kama sentimita kumi kutoka kwenye taya: 0.22. Hapa ndo watu wanachanganya, kwa hivyo nafafanua. Kosa la karibu na taya likiwa sawa na la mbali, chaki imekaa pembeni ya kati, unaisogeza imekwisha. La mbali likiwa kubwa kuliko la karibu, fimbo imeshikwa kwa upande, na hapo kuna mambo mawili, ama chaki yote imelala kwa sababu bekpleti haijakaa bapa, ama taya hazishiki urefu wao wote, zinashika nyuma tu na mbele ziko wazi kama mdomo wa kengele. Mi nlikuwa na yote mawili. Hilo la taya nililijua kwa karatasi nyembamba, niliweka vipande vitatu mbele kabisa baina ya taya na fimbo, nkakaza, vyote vikatoka kwa kidole kimoja.

Bekpleti kwanza. Ilikuja imeshakerezwa, ngazi yake imefika milimita 72 sawa na shimo la nyuma ya chaki, inaingia ikikaza, unafurahi. Lakini ilikerezwa juu ya spindo nyingine sio yako, na spindo mbili hazifanani. Nkasafisha nyuzi za pua ya leti na za bekpleti kwa brashi, chenga moja tu ikikaa kwenye bega la spindo kazi yote inalala, nkaifunga bekpleti peke yake nkapitisha kisu usoni mara moja nyembamba sana. Kilichukua upande mmoja tu, upande wa pili hakikugusa! Ukiona hivyo ndo unafahamu ilikuwa imelala. Nkaendelea mpaka uso wote uking'aa, na hapo hapo bila kuitoa nkapunguza ile ngazi ya 72 kwa 0.3 mm.

Hiyo ya kupunguza kuna mafundi hawaipendi, wanasema ngazi lazima ikaze ili chaki isihame. Naheshimu, na kwa mtu anayekata vyuma vizito vya kugonga gonga wana haki. Lakini kwa kazi ndogo ile nafasi inakupa uwezo wa kuirekebisha chaki mwenyewe, unafunga bolti tatu nusu nusu, unashika fimbo, unazungusha kwa mkono, geji ikipanda unagonga kwa nyundo ya mbao upande uliopanda, unazungusha tena, mpaka ikitulia ndo unakaza bolti moja baada ya nyingine kidogo kidogo. Baada ya hapo karibu na taya ikawa 0.04. Mbali bado 0.10, na hiyo sasa yote ni ya taya.

Taya ndo kazi. Zimechomwa ngumu, tupa haiziwezi na kisu hakiziwezi, ni kusaga tu. Nlifunga grainda ndogo ya penseli kwenye tulposti, yenye jiwe dogo la rangi ya waridi. Lakini kabla ya hapo taya lazima ziwe zimebeba mzigo, na mzigo uende upande ule ule unaokwenda ukishika kazi. Wengi wanafunga pete nje ya taya, wanazifungua taya zikaze ndani ya pete, halafu wanasaga. Hiyo ni kinyume! Ukishika fimbo, skroli inasukuma taya ndani na fimbo inazirudisha nje, ile pete ya nje inafanya kinyume chake, kwa hivyo ule uchezaji wote wa skroli unasagwa upande usiotakiwa na ukimaliza uko pale pale au umeharibu zaidi. Mi nlikereza kisahani cha chuma, nkakikamata ndani kabisa nyuma ya taya, nkakaza, mbele pakabaki wazi pa kusaga. Sio kamili, manake mzigo uko nyuma na kazi ya kweli hushikwa kwa urefu wote, lakini ni karibu sana. Ukimaliza kile kipande cha nyuma kilichokuwa kimeshika kisahani kinabaki juu zaidi, unakishusha kwa grainda ya mkono kisiguse tena.

Na tafadhali funika kitanda. Vumbi la jiwe likiingia chini ya saduli, kile kigari kinachobeba kisu, linakula leti yako kila siku mpaka mwisho. Nlitandika magazeti yalolowa maji, juu yake kitambaa, nkaifunga na spindo yenyewe kitambaa kwa nyuma, halafu nkasaga kidogo kidogo mno, jiwe likigusa unasikia sauti tu. Ilinichukua kutoka baada ya laasiri mpaka magharibi. Kisha nkaifungua chaki tena yote nkaiosha upya, usiache hatua hii hata ukichoka.

Matokeo baada ya kuigonga kati tena: kwa fimbo ya milimita 20, karibu 0.02, mbali 0.03. Kwa milimita 40, 0.05. Usishangae hiyo tofauti, skroli haikukatwa sawa kila mahali, chaki ya taya tatu ina kosa lake kwa kila kipimo, na mi nimechagua kuiweka sawa pale nnapofanyia kazi zaidi. Anayetaka sufuri kila mahali anunue ya taya nne zinazokwenda moja moja na ajifunze kuipanga.

Na nliseme hili kwa sababu limeniokoa kazi nyingi: bushi ukiikereza nje na ndani kwa mshiko mmoja, bila kuitoa, hata chaki ikiyumba nusu milimita nje na ndani vitakuwa kati kwa kati, kwa sababu vyote vimefuata spindo. Kuyumba kwa chaki kunaumiza pale unapogeuza kipande. Hata sasa nikipata kipande kirefu cha bronzi nakereza nje, natoboa, naingiza kisu cha ndani, ndo nakikata mwisho kabisa.

Senta ya kuzunguka: beringi zake nzuri, hazina kelele, nyota nne. Ilikuwa haishiki kwenye telstoki, kile kichwa cha nyuma cha leti, lakini lawama haikuwa yake. Nlichora mistari minne ya kalamu ya maka kwa urefu wa mkia wake, nkaisukuma ndani nkaizungusha kidogo nkaitoa, wino ukawa umefutika upande mnene tu. Mkonyo wa Morse unashika kwa msuguano wa urefu wake wote, unene wake unapungua kama moja kwa ishirini, ukishika ncha moja haushiki. Tundu la telstoki lilikuwa na kutu na makovu ya miaka. Nliazima rima (kisu cha kusawazisha tundu) ya Morse namba 2, nkaipitisha kwa mkono mara mbili tu, bila mota, nkifuta kila mara. Sasa ukiiweka haitoki mpaka urudishe gurudumu.

Tulposti nyota tano, sina mengi. Mwanzo nlikuwa napanga kimo cha kisu kwa vipande vya msumeno wa chuma, sasa nazungusha nati. Ilikuja juu kwa milimita mbili nkaikereza chini, basi.

Kutu ndo vita vya hapa. Upepo wa kaskazi ukiingia na ule unyevu wa chumvi, chuma kilokuwa kimeng'aa jana kesho kina madoadoa. Mzee mmoja alinishauri sifa, ile ile inayopakwa mashua, nkajaribu kwenye bekpleti. Kutu haikuingia kweli, lakini ilikauka ikawa kama gundi, na nyuzi za bekpleti zikitia gundi chaki haikai begani. Kwa mbao ni dawa, kwa leti hapana. Nachofanya ni kupaka oili kila jioni, na chaki nisiyoitumia inakaa kwenye kindoo chenye mfuniko na kitambaa kilolowa oili, mbali na ukuta, manake kuta zetu za matumbawe zinatoa jasho lenye chumvi.

Kwa anayetaka kununua: pima pua ya spindo yako kwanza, kipenyo na nyuzi, wala usimtegemee muuzaji, nyuzi za inchi na za milimita zinadanganya zikiingia mizunguko miwili mitatu. Kama yako ni ya kukaza kwa nyuzi kama hii yangu, usikate kwa kuzungusha kinyume, chaki itajifungua ikushukie. Uliza kama taya za nje zimo kwenye boksi, yangu zilikuwemo. Na ukiwa Amu au Pate huna grainda ya penseli, yangu ipo, njoo nayo chaki yako imeshaoshwa.