Mafunzo ya miezi 6 ya WAJA: vitendo ndivyo vinavyobeba kazi

Mpango wa Taifa wa Tanzania wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii (WAJA) ulizinduliwa Januari 31, 2024, lengo likiwa wahudumu 137,294 ndani ya miaka 5. Jamii huchagua watu wake, mwanamke na mwanaume kwa kila kitongoji au mtaa, nao husoma miezi 3 darasani na miezi 3 kwa vitendo. Kwa vijiji vya Bahi, Chamwino na Chemba mkoani Dodoma, ambako mvua ikinyesha korongo hukata njia ya zahanati, utaratibu huu unafaa kabisa. Anayeongea Kigogo na bibi anayelea mjukuu ataambiwa mambo ambayo mgeni hasimuliwi.

Ubora wake hupimwa mikononi. Chukua utepe wa MUAC, wa kupima mzunguko wa mkono wa juu ili kubaini utapiamlo kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Hupimwa mkono wa kushoto, katikati ya ncha ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu (utapiamlo mkali), 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano (utapiamlo wa kadiri), kuanzia 12.5 ni kijani. Mwanafunzi aliyezoea kukadiria katikati kwa macho hukosea, na akikaza utepe ngozi ikajikunja, mtoto wa njano anasomeka mwekundu. Akiulegeza, mwekundu anarudishwa nyumbani. Hatari kubwa zaidi ni miguu: mtoto aliyevimba nyayo zote mbili anaweza kusomeka kijani huku ana utapiamlo mkali. Bonyeza kwa dole gumba sekunde 3. Shimo likibaki miguu yote miwili, rufaa siku hiyohiyo.

Kuhesabu pumzi nako hakutaki haraka. Dakika 1 nzima, mtoto ametulia, hanyonyi. Pumzi 50 au zaidi kwa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kuanzia miezi 12 hadi chini ya miaka 5, ni za kasi. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha mara 4, pumzi 1 iliyokupita inakuwa 4.

Haya hayakai kichwani kwa kuandika daftari. Mkufunzi na mwanafunzi wapime mtoto mmoja bila kuoneshana majibu. Wakipishana zaidi ya milimita 5, warudie. Mkufunzi mwenye wanafunzi wengi mno hawezi kufanya hivyo, na hapo ndipo mafunzo haya mazuri yanapopwaya.

Diploma ya uuguzi ni miaka 3, na huingii bila ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia. WAJA hazibi nafasi ya muuguzi. Fomu yake ya rufaa inahitaji muuguzi wa kuipokea, kwa hiyo halmashauri zihesabu wauguzi wa zahanati kabla ya kuwasambaza WAJA wapya vitongojini.