Netflix Lubumbashi: forfe inaisha wapi kabla ya episodi ya pili

Watu wa Lubumbashi wakisema Netflix "inakula mega", mara nyingi mlaji ni mpangilio ambao hakuna aliyeugusa. Huduma yenyewe, iliyofunguliwa karibu Afrika nzima Januari 2016, inamfaa sana mtu anayeangalia kwenye simu na kupakua mapema. Mwenye televisheni kubwa sebuleni na anayetegemea konesho (intaneti) ya simu ataona forfe, yaani kifurushi cha data, inayeyuka kama barafu ya soko la Kenya hapa mjini saa saba mchana.

Chukua hesabu za Netflix wenyewe. Kiwango cha chini cha picha kinakula hadi giga 0.3 kwa saa, cha kati 0.7. HD inafika giga 3 kwa saa, na 4K giga 7. Sasa pima kwa Lupin, tamthilia ya Kifaransa, sehemu ya kwanza na ya pili, zilizotoka Januari na Juni 2021: episodi 10, kama saa 7 na nusu. Kwa kiwango cha chini utatumia giga 2 na kidogo, kwa cha kati giga 5, na kwa HD zaidi ya 20. Hadithi ni ileile, na mwigizaji wake Omar Sy ni yuleyule na kofia yake.

Kosa linalowamaliza wengi ni la konesho. Mtu anafungua programu kwenye simu, anachagua kubana data, na hapo giga 1 inampeleka karibu saa 6. Anaridhika. Jioni anagawa konesho ya simu hiyohiyo kwa televisheni. Lakini ule mpangilio ni wa programu ya simu peke yake, hauifuati televisheni. Televisheni inaona Wi-Fi, haijui kwamba nyuma yake kuna forfe ya kununuliwa kwa franka, basi inavuta picha bora kadiri mtandao unavyoruhusu. Kasi ya Mbps 5 tu inatosha kwa 1080p, yaani HD kamili. Forfe ya giga 2 inaweza kukatika dakika ya 40, episodi ya kwanza haijafika mwisho. Simu ya pili ukiiunganisha kwa konesho, mambo ni hayohayo: alama ya "pakua kwa Wi-Fi tu" haizuii kitu, maana kwake konesho nayo ni Wi-Fi.

Dawa yake haipo ndani ya televisheni, ndiyo maana watu wanaitafuta bila kuiona. Ingia kwenye tovuti ya Netflix kwa kivinjari, fungua akaunti, chagua profaili inayotumika sebuleni, kisha mipangilio ya uchezaji. Hapo kuna viwango: otomatiki, chini, kati, juu. Weka chini, hifadhi. Kila profaili ina mpangilio wake, kwa hiyo ukibana ya kwako na kuiacha ya watoto, bado ndoo inavuja. Halafu toka kwenye akaunti upande wa televisheni na uingie upya, kwa sababu badiliko linaweza kuchelewa kushika. Picha ya kiwango cha chini kwenye skrini kubwa ina ukungu, tusidanganyane. Nyuso zinaonekana vizuri, maandishi madogo hayasomeki.

Kupakua ndiko kunakoifanya huduma hii istahili pesa yake hapa mjini, na kumekuwepo tangu Novemba 2016. Mchoro ni mshale unaotazama chini, pembeni ya kila episodi. Kwanza weka ubora wa kawaida katika mipangilio ya programu, na kama simu ni ya Android yenye kadi ya kumbukumbu, elekeza mahali pa kuhifadhi kwenye kadi. Pakua usiku wa manane, hasa kama mtandao wako una forfe ya usiku, na usiku huo kuran (umeme) ikiwepo uiache simu kwenye chaja. Delestaji (mgao wa umeme) ya kesho jioni haitakusumbua: modemu itazima, jirani atawasha grupu (jenereta), wewe utaendelea na episodi yako.

Ila ujue muda wa kukaa. Vingine vinakufa saa 48 baada ya kubonyeza kucheza kwa mara ya kwanza, vingine vinakaa muda mrefu zaidi. Kuonja dakika mbili "kuona kama imepakuka vizuri" tayari kunaweza kuanzisha saa hiyo, kwa hiyo usionje. Kwa wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa kila wiki: ulichopakua upande huu kinaweza kukataa kucheza upande wa Zambia, kwa sababu haki za kuonyesha hutolewa nchi kwa nchi. Na ukichukua mpango wa simu peke yake, usitegemee kurusha picha kwenye televisheni. Haukubali, na picha inaishia 480p, chini ya HD. Kwa skrini ya kiganjani 480p inatosha kabisa.

Sasa, uanze na nini? Lupin, bila kusita. Imechezwa kwa Kifaransa, midomo na sauti vinakwenda pamoja, na nyumba nzima inafuata bila kusoma maandishi ya chini. Sehemu ya kwanza ina episodi 5 tu, lakini inaishia Étretat, mji wa pwani Ufaransa, mahali pabaya mno, kwa hiyo pakua sehemu zote mbili kwa mkupuo. Ya tatu, ya Oktoba 2023, ina episodi 7 na inaweza kungoja.

Squid Game sizoni ya kwanza ni episodi 9, karibu saa 8. Sauti ya Kikorea ni bora kuliko ya Kifaransa iliyobandikwa juu, ambayo inaondoa nusu ya hofu, lakini hapo maandishi ya chini ni lazima, na kwenye simu ndogo macho yanachoka. Chagua lugha kabla ya kupakua.

La Casa de Papel ndiyo yenye mtego. Hispania iliirusha kwa episodi 15 ndefu. Netflix wakaikata upya kuwa 22 fupi, kila moja ikiishia pale ambapo kidole hakikatai kubonyeza inayofuata. Uvamizi wa kiwanda cha noti unaanza na kumalizika ndani ya hizo 22, na ni kazi safi. Zinazofuata 26, za Benki ya Hispania, zina kelele nyingi kuliko akili. Giga zako zikiwa za kuhesabu, simama kwenye ya 22.

Na kabla hujaanza yoyote kati ya hizi, rudi kwenye ukurasa uleule wa mipangilio ya uchezaji na uondoe alama ya kucheza episodi inayofuata yenyewe. Mtu akisinzia kwenye kochi huku televisheni iko kwenye konesho, zile sekunde chache za mwisho zinahesabu, episodi mpya inaanza, na inaendelea kunywa forfe kwa muda mrefu kabla ya kuuliza kama bado kuna mtu anayeangalia.