Walinikata kamisheni ya vikapu vitatu ambavyo havikuuzwa

Shilingi 15,930. Najua wapo watakaosema ni pesa ndogo ya kupigia kelele. Kwangu ni kikapu kizima, siku tano za shangazi yangu akiwa kwenye mkeka kanyoosha miguu, na inabaki chenji ya chumvi.

Nauza vikapu vya milulu, zile nyasi ngumu za kusukia, nipo Kihesa, Iringa. Wanaosuka ni shangazi na kina mama wenzake watano wa upande wa Kalenga. Duka langu liko kwenye soko moja la mtandaoni ambalo jina silitaji, waliouza humo watalijua kwa makato yake. Nina miaka mitatu hivi humo.

Mwanzoni walikuja kwa adabu. Kijana wao alinipigia mwenyewe, akanielekeza namna ya kupiga picha, kikapu kikae karibu na dirisha, nyuma kuwe na ukuta mtupu. Kufungua duka bure. Miezi mitatu ya kwanza hawakukata hata senti, baada ya hapo kamisheni ikawa asilimia 8. Oda yangu ya kwanza ilitoka Mtwara. Mtwara! Mtu ambaye sijawahi kumwona, mji ambao sijafika, ananunua kikapu kilichosukwa Kalenga. Siku ile nilimpelekea shangazi kilo mbili za sukari.

Kisha zikaanza meseji. "Mpendwa muuzaji, tumeboresha viwango vyetu ili kukuhudumia vizuri zaidi." Ukisoma "tumeboresha" ujue umepandishiwa. Kutoka 8 tukaenda 12, na haukupita mwaka tukawa 15. VAT ya asilimia 18 juu ya kamisheni, ambayo zamani ilikuwa ndani kwa ndani, wakaitoa nje tuilipe wenyewe. Ikaja ada ya kupokea malipo, asilimia 2. Halafu wakaleta kulipia tangazo. Usipolipia, kikapu chako kinashuka chini huko, mteja anakutana kwanza na vikapu vya plastiki.

Yote hayo nilivumilia. Kilichonifikisha hapa ni oda ya vikapu 12.

Ilikuwa baada ya mvua kukatika, msimu wa harusi. Dada mmoja wa Dar aliagiza vikapu vikubwa 12 vya kuwekea zawadi, kila kimoja 30,000. Jumla 360,000. Kina mama walisuka wiki mbili hawalali vizuri. Mwenye kujua milulu anajua si kazi ya kukaa tu na kupiga soga. Milulu ikikauka sana inavunjika, lazima uiloweshe kila saa, na ukivuta kwa nguvu inakata ncha za vidole kama wembe. Shangazi alikuwa anafunga kidole cha shahada kwa kitambaa, anasuka kwa kile cha kati. Nilipofika kuchukua nilimkuta anamalizia ukingo wa kikapu cha mwisho, analamba kidole, anachomeka uzi, anakaza, analamba tena. Hakuinua uso mpaka alipofunga fundo. Ndipo akanisalimu kwa Kihehe, "Kamwene, mwanangu. Hesabu, vipo vyote."

Nikavifunga kwenye viroba viwili, bodaboda mpaka stendi ya Igumbilo, basi mpaka Dar. Viroba, bodaboda na nauli ya mzigo vilinimaliza 22,000, zote za mfukoni kwangu.

Malipo yalipoingia kwenye akaunti yangu kule kwao nikakuta 253,080. Nikadhani simu imekosea. Nikachukua kalamu. Kamisheni 54,000. VAT ya kamisheni 9,720. Ada ya malipo 7,200. Hapo ni 70,920, wakati kwa kiwango walichonivutia nacho mwanzo ningekatwa 28,800. Na iliyobaki imekwenda wapi? Kumbe waliliingiza duka langu kwenye "kampeni" ya punguzo la asilimia 10 bila kuniuliza. Mteja alilipa 324,000. Punguzo la 36,000 limetoka kwangu, ila kamisheni wameihesabu kwenye 360,000. Yaani hata ile pesa ambayo hakuna mtu aliyeilipa, wao wameikatia kamisheni.

Nikasema sawa, nimejifunza. Nikaamka asubuhi, nikafungua simu, nikakutana na kubwa kuliko yote: mteja amerudisha vikapu vitatu. Sababu iliyoandikwa ni "harufu". Vikapu vya milulu vinanuka majani makavu, na kama vimekaa nyumba yenye jiko la kuni vinashika moshi kidogo. Ukivianika siku mbili unaisha. Mteja simlaumu, hakujua, na pengine kosa ni langu sikuandika kwenye maelezo ya bidhaa. Wakamrudishia 81,000 kutoka kwenye salio langu. Nauli ya kurudisha mzigo 6,000, nayo kwangu. Nikabakiwa na 166,080.

Kina mama nawalipa 15,000 kwa kikapu. Vikapu 12 ni 180,000. Nimeuza vikapu tisa, na ili niwalipe waliosuka ilibidi niongeze 13,920 kutoka kwenye pesa ya ada ya mtoto.

Sasa sikiliza hapa ndipo moto ulipo. Vile vikapu vitatu vilivyorudi, kamisheni yake hawakuirudisha. 13,500 pamoja na VAT 2,430, jumla 15,930. Vikapu havikuuzwa, mteja karudishiwa pesa yake yote, mimi nimelipa nauli kwenda na kurudi, na wao wamekaa na kamisheni ya mauzo ambayo hayapo. Wangeirudisha hiyo tu, ningewalipa kina mama bila kugusa ada ya mtoto na chenji ingebaki. Asilimia 2 ya malipo sitaidai, huenda na wao wanakatwa huko.

Nikanunua muda wa maongezi nikapiga huduma kwa wateja. Nilisubiri muziki unaimba mpaka sikio likapata joto. Akapokea kijana. Nikamweleza taratibu, oda namba fulani, vikapu vitatu, kamisheni irudi.

"Dada, kamisheni ni ya huduma, siyo ya mauzo."

Nikamuuliza, "Kaka yangu, kama ni ya huduma mbona mnaikata kwa asilimia ya bei?"

Akanyamaza. Kisha, "Mfumo ndivyo ulivyo."

"Huo mfumo aliyeuweka nani?"

"Dada, wauza vikapu wako wengi. Ukiona haikulipi funga duka, hakuna aliyekulazimisha."

Akakata simu.

Nilikuwa nimesimama uani, nguo zimeanikwa, nikabaki nimeishika simu kama mtu aliyepigwa. Hakunitukana, ningekuwa mwongo nikisema kanitukana. Lakini miaka mitatu nimewaletea mizigo kwa wakati, sijawahi kupeleka kikapu chenye tundu, nimewafundisha kina mama kupima kwa rula ili saizi zilingane na picha, halafu naambiwa tuko wengi. Wale wengi si ndio tuliowajazia duka? Siku walipokuwa hawana bidhaa walitupigia simu wao.

Nimekuja kugundua hili si la kwetu peke yetu. Etsy ya Marekani, ambako watu wanauza kazi za mikono kama hizi zetu, walikuwa wanakata asilimia 3.5. Mwaka 2018 ikawa 5, Aprili 2022 ikawa 6.5. Wauzaji maelfu walifunga maduka yao wiki nzima kuanzia tarehe 11 mwezi ule kugoma. Kiwango hakikushuka. Nilipolisoma hilo nilikata tamaa kidogo, kisha nikakasirika upya: wenzetu waligoma kwa 6.5, sisi tuko 15 na VAT juu, tumekaa kimya kila mtu na simu yake.

Na usiniambie nipandishe bei. Nilijaribu, nikaweka 34,000 ili makato yakae humo. Wiki tatu hakuna aliyebonyeza. Mteja anapanga bidhaa kwa bei, ya chini inatangulia. Kwa hiyo ada ikipanda, anayebanwa ni mimi, na nikibanwa mimi macho yote yanakwenda kwa msukaji. Mwenzangu mmoja wa Mafinga ameshashusha malipo ya wasukaji wake hadi 11,000. Simhukumu. Mimi sitafanya hivyo, nimeona kile kidole kilichofungwa kitambaa.

Nisiwe mnafiki, wana mazuri yao. Bila wao nisingeuza Mtwara, Mwanza wala Bukoba. Pesa ya mteja wanaishikilia mpaka mzigo ufike, kwa hiyo mteja haogopi kutapeliwa, na kwa biashara ya mtandaoni hapa kwetu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu matapeli wametuharibia sote. Na biashara yao si rahisi. Jumia yenyewe, soko kubwa la mtandaoni la Afrika, ilifunga Tanzania Novemba 2019. Naelewa kuwa kampuni lazima ipate ili iendelee kuwepo. Ningeambiwa 15 kwa uwazi, bila kampeni ya kuingizwa kinyemela, na kwa kilichouzwa tu, ningelalamika na kulipa. Kwa hayo nilikuwa nimewapa nyota tatu.

Lakini vikapu vitatu vilirudi juzi. Vilikuwa vimefungwa kamba katikati kama kuni, na juu yake naona kulikaa mzigo mzito, viwili vimebonyea na kimoja ukingo umekatika. Nilimpelekea shangazi. Akavinyunyizia maji, akavisokomezea sufuria ndani ili vikae umbo, akakishika kile cha tatu akawa anapitisha kidole pale palipokatika. Akaniuliza, "Na hao wenye simu, kwenye hiki wamepata ngapi?" Nikamwambia 5,310. Akauliza tena, maana alidhani hajasikia vizuri.

Nyota tatu nimezifuta. Nimeweka moja, na hiyo ni ya yule kijana wa mwanzo aliyenifundisha kupiga picha, popote alipo.

Vikapu vikubwa nimeviondoa dukani kwao. Vidogo vya 12,000 nimeviacha kwa sababu ada ya mtoto bado ina pengo na sina ujanja mwingine mwezi huu. Wauzaji wenzangu, ingieni kwenye mipangilio mkatafute palipoandikwa kampeni, mjitoe, kwa sababu wengi mmeshaingizwa na hamjui. Tena hesabuni oda zilizorudishwa mkaone kama kamisheni ilirudi. Na wahusika mkisoma, namba ya oda mnayo, malalamiko yangu nimeyatuma mara mbili kwa maandishi. Siku 15,930 ikirudi nitakuja hapa hapa kuandika kwamba imerudi.