Magofu ya Kaole: mwongoza wageni wetu anastahili sifa

Jumamosi tulipanda bajaji kutoka Bagamoyo mjini: mimi, mama mkwe na wanangu wawili. Mwongoza wageni alituanzishia kwenye msikiti wa karne ya 13, kuta za matumbawe, wala hakutuharakisha. Makaburini akatuonyesha nguzo zilizopachikwa bakuli za Kichina enzi hizo. Mwanangu wa darasa la tatu akauliza, "Walizitoa wapi?" Akaelezwa taratibu habari za majahazi na biashara ya Bahari ya Hindi, mpaka akaridhika. Mama alisimama kando, akawasomea Fatiha wale marehemu. Hapo nami machozi yalinilenga.

Nendeni asubuhi na maji yenu ya kunywa. Jua la saa sita lilituchoma kweli. Mtoto bado anazitaja zile bakuli.